Mashine Tatu Zilizonyamaza

Kituo kilijengwa juu ya kilima kisicho na jirani. Barabara ya changarawe ilifika langoni pake ikafia hapo, kama mazungumzo yaliyokosa mtu wa kuyajibu. Ndani ya uzio mlikuwa na mnara wa chuma, nyumba ndogo ya chumba na sebule, na jengo refu la saruji lisilo na dirisha, lenye matundu ya hewa tu. Mkaguzi aliteremka garini saa tano asubuhi, akamwambia dereva amsubiri kivulini, kisha akasimama kimya akasikiliza. Hakusikia sauti ya mtu. Alichosikia ni mvumo wa mashine kutoka ndani ya jengo, mzito, usiopumzika.

"Mvumo wa mashine moja tu," alijisemea, akayaandika maneno hayo katika kijitabu chake.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Kabla ya kuwa mkaguzi wa ajali katika shirika la simu alikuwa fundi wa umeme kwa miaka kumi na mitano, na desturi yake ilikuwa ile ile ya zamani: kwanza sikiliza, kisha pima, na kuuliza kuwe mwisho. Wenzake walisema angepewa maiti angeiwekea mita kwanza.

Kilichomleta kilimani kilikuwa kifo. Siku tisa kabla yake, saa nane mchana, umeme wa gridi ulikatika. Hilo lilikuwa jambo la kawaida, na kwa ajili yake kituo kilikuwa na betri kubwa ishirini na nne, zilizotakiwa kukibeba kwa saa nane nzima. Zilikibeba dakika sita. Simu zote za bonde zima zikawa bubu mpaka umeme uliporudi, dakika arobaini na moja baadaye. Katika dakika hizo mwalimu mmoja mstaafu alipatwa na mshtuko wa moyo, na binti yake alipiga namba ya dharura mara kumi na moja. Mzee akakata roho binti akiwa na simu mkononi.

Kesho ya siku hiyo ya ukaguzi, saa tatu asubuhi, kamati ya nidhamu ingekaa, na mezani palikuwa na jina la mtu mmoja tu: mwanamke aliyetunza kituo kile. Shtaka lilikuwa uzembe uliosababisha kifo. Akitiwa hatiani angepoteza kazi, na pamoja na kazi ile nyumba aliyoishi miaka kumi na tisa, kisha faili lingepelekwa polisi. Mkaguzi alikuwa na siku moja.

Mtunzaji alimpokea mlangoni. Watu wa bondeni walimwita Mama Betri, naye alilizoea jina hilo hata akaliitikia upesi kuliko alilopewa na wazazi. Alikuwa mrefu, mkavu, aproni yake imepigwa pasi ikasimama kama karatasi. Waliulizana habari za safari na za afya, kama ilivyo ada, ila majibu ya Mama Betri yalitoka polepole, kila neno likijaribiwa kwanza, kama mtu anayefungua kufuli ambalo halijafunguliwa muda mrefu. Mkaguzi alimwuliza anaishi na nani pale juu.

"Na mimi," alijibu. Baadaye, alipoona jibu limekaa vibaya, aliongeza, "Simu za bonde zima zinapita kichwani mwangu, dada. Yangu hailii."

Mtu wa tatu alikuwa ndani tayari. Huyu ni fundi wa kanda, mwanamume wa miaka arobaini mwenye viatu vinavyong'aa, ambaye kazi za kituo kile zilikuwa chini yake. Mafundi wenzake walimwita Dakika Mbili, kwa sababu hakuna kazi ambayo hakuiahidi kuimaliza kwa dakika mbili, na hakuna iliyowahi kukosa kurudiwa kwa siku mbili. Alimwamkia Mkaguzi kwa heshima zote, shikamoo mama, akaitikiwa, kisha akafungua sanduku lake la vifaa, akamimina skrubu zake ndani ya kisahani kirefu cha plastiki angavu, chenye matundu mawili yaliyozibwa kwa utepe mweusi, akatangaza kwamba hakuna fumbo lolote pale.

"Twende basi ukanionyeshe hilo lisilo fumbo," alisema Mkaguzi.

Chumba cha mitambo kilikuwa safi kuliko zahanati. Sakafu iling'aa. Upande mmoja ulikaa ubao wa mita, na chini yake rektifaya nne zilizopangwa juu kwa juu kama droo za kabati. Kazi ya rektifaya ni kuupokea umeme wa gridi, ambao huenda na kurudi bila kutulia, na kuunyoosha uende upande mmoja tu, kwa maana vyombo vya simu na betri havijui umeme mwingine. Upande wa pili, nyuma ya ukuta mfupi, zilipangwa betri ishirini na nne. Fundi alikuwa amezileta siku mbili baada ya ajali; zile zilizokufa zilisukumwa pembeni, zimefunikwa turubai.

Dakika Mbili alieleza huku akinyoosha kidole. Betri zilikauka. Alipozifungua siku ile alikuta maji yameshuka chini ya bamba za madini ya risasi zilizo ndani, na betri isiyo na maji ni sawa na mtungi uliopasuka, huwezi kuitegemea. Kuongeza maji ya betri ni kazi ya mtunzaji. Hakuongeza. Tena, alisema kwa kupunguza sauti ingawa Mama Betri alikuwa hatua tano tu kutoka walipo, makao yalikuwa yakipeleka madumu ya maji kila mwezi, na madumu hayo yalikuwa yakizidi badala ya kupungua. Bondeni walisema anawapa madereva wa malori. Jambo la pili ni namba. Kila saa sita mtunzaji husoma volti na kuandika. Kwa miezi minane fomu zilizofika makao zilionyesha namba moja tu, hamsini na nne kamili, asubuhi, mchana, jioni na usiku.

"Mama, mita gani duniani haitikisiki miezi minane?" aliuliza. "Alikaa kitandani akanakili ya jana."

Mkaguzi alimtazama Mama Betri. Alikuwa ameshika ukingo wa aproni yake kwa mikono miwili.

"Nilisoma," alisema. "Kila mara nilisoma."

Mkaguzi hakumsukuma. Alisogea kwenye ubao, akainamia mita. Ilisema hamsini na nne kamili. Akatazama saa yake ya mkononi, akasubiri dakika kumi, fundi akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Mita haikutikisika hata nukta. Mkaguzi akaandika.

Akaanza na maji. Aliomba stakabadhi za madumu na kuzipanga juu ya meza kwa tarehe. Miaka yote ya nyuma, dumu moja kwa mwezi lilitosha. Miezi minane iliyopita yakawa mawili, kisha manne, kisha sita. Halafu, miezi miwili kabla ya ajali, palikuwa na barua fupi ya ofisi ya kanda: matumizi si ya kawaida, mtunzaji atapewa madumu mawili tu mpaka ajieleze. Sahihi ilikuwa ya Dakika Mbili. Mkaguzi alimwuliza kama mtunzaji alijieleza. Fundi alisema hakuona maelezo yoyote, na kwamba mwizi hajielezi.

Mkaguzi alikwenda kwenye zile betri zilizokufa, akaondoa turubai, akafungua vizibo kimoja kimoja. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa vizibo, akakinusa, akakitazama kwa miwani. Kisha akafungua betri mpya, zenye siku saba tu kazini. Kutoka ndani yake palitoka mlio mwembamba, kama chungu kinachoanza kuchemka. Alipoziwekea kiganja ubavuni zilikuwa na joto. Harufu iliyopanda ilikuwa ya yai viza.

"Maji hayakuibwa," alisema. "Yamechemshwa. Hizi zinachemshwa sasa hivi, tukiwa tumesimama hapa."

Dakika Mbili alicheka kidogo. Alisema kwa volti hamsini na nne betri haichemki, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua, na mita ile pale inasema hamsini na nne. Mkaguzi alikubali kwamba anajua. Akatoa mita yake ya mkononi, akagusisha ncha moja kwenye betri ya kwanza na ncha nyingine kwenye betri ya mwisho, akampa fundi asome mwenyewe.

Fundi alisoma. Akaigongagonga mita kwa ukucha, akasoma tena.

"Hamsini na saba nukta nane," alisema. "Mita yako mbovu, mama."

"Huenda. Katoe yako."

Mita ya fundi ikasema hamsini na saba nukta nane. Ule mvumo mmoja ukakijaza chumba. Sasa palikuwa na mita mbili zilizokubaliana na mita moja ukutani iliyozikana, na swali lilikuwa kwa nini ile ya ukutani idanganye kwa unyofu namna ile, bila kuyumba, miezi minane.

Mkaguzi hakulijibu bado. Aliziinamia rektifaya. Kila moja ilikuwa na kioo kidogo cha kuonyesha mzigo inaoubeba. Ya kwanza, sifuri. Ya pili, sifuri. Ya tatu, ampea thelathini na nane. Ya nne, sifuri. Alimwuliza fundi anazionaje, naye alijibu upesi, maana hapo alikuwa kwenye uwanja wake: tatu zimekufa, moja nzima. Ameshaandika ombi la kununua nyingine. Mwezi uliopita aliibadilisha ya pili, akaleta mpya iliyofungwa kwenye boksi, lakini kwa bahati mbaya hiyo mpya nayo ilikuwa mbovu.

"Uliijua mbovu lini?"

"Siku hiyo hiyo. Nimeichomeka, sifuri."

"Kwa hiyo wagonjwa watatu na mzima mmoja," alisema Mkaguzi. "Ukamtoa mgonjwa mmoja, ukaleta mgeni mwenye afya yake, akaugua kabla hajavua viatu. Ungekuwa wewe daktari, ungemshuku nani?"

Fundi aligeukia ile rektifaya ya pili. Mkaguzi alivuta kiti, akamweleza Mama Betri badala yake, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemweleza jirani. Fikiria watu wanne wanaojaza mtungi mmoja, alisema. Kila mmoja ameambiwa: maji yakifika kwenye alama, acha kumimina. Watatu wanaiona alama sawasawa. Wa nne macho yake yamepatwa na kitu, anauona mtungi uko chini siku zote. Basi anamimina, na anamimina, maji yanapita alama. Wale watatu wanatazama, wanaona umejaa, wanaweka ndoo chini. Apitaye mlangoni atasema huyu mmoja ndiye mchapakazi, na wale watatu ni wavivu.

Mama Betri alisikiliza ameinamisha kichwa. Halafu akasema jambo la kwanza ambalo hakuulizwa.

"Kwa hiyo hao watatu hawaumwi. Wamenyamaza tu."

"Tutaona," alisema Mkaguzi, akapeleka mkono kwenye swichi ya mashine ya tatu.

Dakika Mbili alimshika kiwiko. Aliomba radhi kwa kumgusa mkubwa wake, lakini hakukiachia. Alisema hiyo ndiyo pekee inayofanya kazi, ikizimwa kituo kinalala, na bonde litakuwa bubu mara ya pili ndani ya siku kumi. Kwa miezi yote minane hakuna aliyethubutu kuigusa. Mkaguzi alimwambia kwamba ndiyo maana imedumu miezi yote minane. Betri mpya zingekibeba kituo kwa muda wa kutosha kumthibitisha mmoja wao kuwa mjinga. Kiwiko kikaachiwa. Akaizima.

Mvumo ukakatika. Kwa muda wa pumzi tatu chumba kilikuwa na ukimya ambao, kwa sura yake, ulimrudisha Mama Betri siku tisa nyuma. Kisha mashine ya kwanza ikaguna. Ya nne ikafuata, na ya pili, ile mpya iliyolaaniwa, ikaingia mwisho. Vioo vikapanda pamoja: kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na tatu. Hapo hapo taa nyekundu ikawaka ubaoni na kengele ikalia, kwa kuwa mita ya ukutani ilikuwa imeporomoka hadi hamsini nukta nne. Fundi aliruka kuirudisha mashine ya tatu.

"Acha," alisema Mkaguzi. "Pima betri."

Fundi alipima, kengele ikimlilia sikioni. Hamsini na nne kamili. Betri zilikuwa zimetulia mahali pake kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane, na ile mita ya ukutani ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele za uongo. Mkaguzi akainyamazisha kengele.

Kilichobaki kilikuwa kutafuta ni nani aliyeifumba macho mashine ya tatu. Kila rektifaya huwa na waya mwembamba unaokwenda kuchungulia volti na kuirudishia habari. Hayo ndiyo macho yake. Mkaguzi aliufuata waya wa mashine ya tatu kwa kidole, akapita nyuma ya fremu, akatokea chini ya ubao wa mita. Hapo waya ule ulibanwa kwa skrubu moja pamoja na waya wa mita ya ukutani. Macho mawili yalichungulia kwenye tundu moja. Na skrubu yenyewe ilikuwa imevimba kwa uchafu wa kijani na mweupe, mnene kama ukungu wa mkate. Alipogusa ncha ya mita upande wa juu wa uchafu alipata volti zote. Alipogusa upande wa waya, baada ya uchafu, kiasi kilikuwa kimepotea njiani.

Mita haikuwa mbovu, na mtunzaji hakuwa mwongo. Mashine ya tatu ilikuwa ikipandisha volti mpaka jicho lake lione hamsini na nne, na mita, iliyochungulia tundu lile lile, iliona hamsini na nne ile ile. Namba isingeweza kutikisika. Kila saa sita, kwa miezi minane, Mama Betri alikuwa ameandika kwa uaminifu kile alichoonyeshwa.

Rangi ilirudi usoni mwa Mama Betri. Ilirudi kwa muda mfupi, maana Mkaguzi alikuwa bado ameinama, akiukwaruza ule uchafu kwa kisu na kuutia katika bahasha. Alisema kutu kama hii haizaliwi na hewa. Hii ni kazi ya tindikali, na tindikali iko kwenye betri, hatua nane kutoka hapa, nyuma ya ukuta. Ilitembeaje?

Akamwomba Mama Betri afanye usafi wa asubuhi kama afanyavyo kila siku, asiache kitu.

Mama Betri akaleta ndoo na kitambaa kimoja cha pamba. Alianza na betri. Alipangusa juu ya kila moja kwa utaratibu, mahali ambapo umande wa tindikali hukaa, akakamua, akapangusa tena, zote ishirini na nne. Kisha akakikamua kitambaa kile kile, akaja kwenye ubao wa mita, akaupangusa kutoka juu hadi chini, na mwisho, kwa ncha ya kidole ndani ya kitambaa, akaisugua ile skrubu taratibu kama mtu anayemfuta mtoto pua.

Alisimama. Alikitazama kitambaa.

"Marehemu mume wangu alinifundisha vumbi ni adui wa mitambo," alisema. "Sijawahi kuruka siku hata moja."

Dakika Mbili alipumua kwa nguvu, akapiga kiganja juu ya sanduku lake. Alisema mwenyewe amejionyesha, kwa mkono wake, mbele ya shahidi, na kwamba hana haja ya kuongeza neno. Mama Betri alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka ukingoni mwa ndoo, na mikono yake ikakosa mahali pa kwenda.

Mkaguzi aliketi tena. Alimwuliza amekuwa akipangusa namna hiyo tangu lini. Miaka kumi na tisa, alijibu. Basi kwa nini skrubu iliyokaa salama miaka kumi na minane na ushei ikaharibika katika miezi minane? Juu na chini ya skrubu palikuwa na vijiti viwili vifupi vya chuma vilivyojitokeza ukutani, visivyoshika kitu. Mkaguzi alivigusa kimoja baada ya kingine. Akatoa katika mkoba wake maelezo ya maandishi ya fundi, akasoma mstari mmoja kwa sauti: kwamba alipobadilisha mita ya ukutani miezi minane iliyopita, aliacha vifuniko vyote vya kinga mahali pake.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Nimeandika hivyo," alisema fundi.

"Naomba daftari la zamu," Mkaguzi alimwambia Mama Betri. "Lenyewe, si fomu."

Makao makuu hawakuwa wamewahi kuliona. Fomu zilizotumwa kila mwezi zilinakili namba peke yake. Daftari lilibaki kilimani. Lilikuwa kubwa, limefunikwa gazeti, na kila ukurasa ulikuwa na safu za saa, volti, mzigo, maji, kisha safu pana ya maelezo, na mwishoni kabisa safu nyembamba iliyoandikwa juu yake "Amesoma", ambamo msimamizi hutakiwa kutia sahihi. Mwandiko ulikuwa wa duara, wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani na asiyeifanyia herufi mzaha. Safu ya mwisho ilikuwa tupu. Mkaguzi alirudi nyuma kurasa nyingi kabla ya kukutana na sahihi, na hiyo ilikuwa ya miaka minne iliyopita.

Akasoma bila haraka, kidole kikipita chini ya mistari.

*Fundi amebadilisha mita. Ameondoka na kifuniko cha skrubu, kimepasuka pembeni. Amesema ataleta kizima Jumatatu.*

*Jumatatu. Hakuja.*

*Kifuniko bado. Betri zinakunywa maji upesi, nimeongeza lita tatu. Sijui sababu.*

*Betri zina joto kama mtoto mwenye homa. Naomba mtu aje kuzitazama.*

*Mvua siku ya tatu. Hakuna aliyekuja.*

*Binti yangu amejifungua salama, mtoto wa kiume. Sina wa kumwambia, naandika hapa. Kifuniko bado.*

*Maji yamekataliwa. Nimegawanya niliyonayo, kila betri kidogo kidogo. Hayatoshi. Naandika ili ijulikane kwamba hayatoshi.*

Mkaguzi aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alimwuliza Mama Betri kwa nini hakupiga simu kanda. Alipiga, alijibu; aliambiwa ayaandike kwenye daftari.

Kisha Mkaguzi akanyanyuka, akaenda kwenye sanduku la fundi. Akakiinua kile kisahani cha plastiki angavu, akamwaga skrubu zote mezani, zikasambaa kwa kelele. Kona moja ilikuwa na ufa. Akabandua utepe mweusi, matundu mawili yakafunguka. Akakipeleka ubaoni, akakipindua, akakisukuma taratibu juu ya vile vijiti viwili vilivyojitokeza ukutani. Kiliingia bila kulazimishwa, kikaifunika skrubu.

Dakika Mbili alikitazama kama mtu aliyeona picha yake ya utotoni.

"Kilipasuka, mama," alisema. "Nikasema nitaleta kizima. Halafu nikasahau."

"Hukusahau. Mtu aliyesahau haandiki kwamba kipo."

Fundi aliketi. Alieleza, sasa bila maringo, kwamba hakujua kutu wala kitambaa. Alijua tu kwamba aliondoka na kifuniko, na baada ya kifo kile aliogopa kila kitu alichowahi kukigusa pale. Alikuwa na vituo kumi na saba na gari moja. Mkaguzi alimjibu kwamba hayo nayo yataandikwa, kwa kuwa ni kweli, na kwamba haki yake ni ile ile ya kila mtu: kuandikwa kama alivyo. Akampa karatasi safi. Fundi aliandika maelezo mapya kwa mkono wake, akatia sahihi na saa. Alipomaliza alisimama mbele ya Mama Betri, akainamisha kichwa, akaenda nje kukaa garini mwake.

Mkaguzi aliandika ripoti kwenye meza ile ile, Mama Betri akamletea chai. Kabatini palikuwa na kikombe kimoja kinachotumika na kingine chenye vumbi. Alikiosha hicho cha pili mara mbili.

"Kitambaa utakiandika?" aliuliza.

"Nitakiandika."

Mama Betri alitikisa kichwa polepole kukubali. "Kiandike. Yule mwalimu alikuwa na binti. Asije akaambiwa nusu."

Basi Mkaguzi aliandika yote: kifuniko kilichoondolewa na uongo uliokifunika, kitambaa, maji yaliyokataliwa kwa barua, daftari ambalo hakuna aliyelisoma kwa miaka minne. Katika mstari wa mwisho, mahali pa maoni, aliandika kwamba shtaka la uzembe dhidi ya mtunzaji halina msingi. Kwamba yeye ndiye mtu pekee katika shirika aliyeiona hitilafu, akaitolea taarifa, na hakujibiwa. Hakumwahidi kitu. Alimwambia tu kwamba kesho saa tatu ripoti hiyo itasomwa kabla ya jina la mtu yeyote kutajwa, na kwamba msomaji atakuwa Mkaguzi mwenyewe.

Saa kumi na mbili jioni ilikuwa saa ya kupima. Mama Betri alipima kwenye betri zenyewe, kwa mita aliyoachiwa, akaandika: hamsini na nne kamili. Mashine ya kwanza kumi na mbili, ya pili kumi na tatu, ya tatu imezimwa, ya nne kumi na tatu. Kwenye safu ya maelezo kalamu yake ilisita, kisha ikaenda. Alipomaliza hakulifunga daftari. Aligeuza ukurasa ukamwelekea mgeni.

Mkaguzi alisoma. *Mashine tatu zimeongea. Amekuja mtu, amekaa saa saba.*

Alitia sahihi yake katika safu ya mwisho. Kisha akafungua ukurasa wa nyuma yake akatia sahihi, na wa nyuma ya huo, akirudi Jumatatu baada ya Jumatatu kuelekea siku kifuniko kilipoondoka, akisoma kila mstari kabla ya kuandika. Nje dereva alipiga honi mara moja, akaacha. Alipofika ule ukurasa wa mjukuu, Mkaguzi aliinua kichwa, akauliza mtoto amepewa jina gani.

Mama Betri alivuta kiti chake karibu.